Moshi wa Namba Kumi na Nne

Havana, Ijumaa, 4 Machi 1988

Kaka Evelio,

Kuanzia Jumatatu mimi ni mwonjaji wa biri, kwa majaribio ya miezi mitatu. Aliyetangaza ni Ndugu Abelardo Quiñones, mwenyekiti wa kamati ya waonjaji wa kiwanda chetu, jana saa nne asubuhi, mbele ya wasokotaji mia moja na arobaini. Nilikuwa jukwaani nikiwasomea gazeti wakisokota, kama kila siku. Alingoja nimalize ukurasa, akapanda ngazi, akasema alilokuja kusema. Wasokotaji wakagonga visu vyao mezani, kama wanavyofanya wakiipenda sura ya riwaya. Mmoja wa mstari wa nyuma akasema, "Sasa huyu atatusomea na moshi." Wakagonga tena.

Sababu ni hii. Mzee Fermín aliyekikalia kiti hicho miaka kumi na tisa amekatazwa moshi na daktari. Ukimtoa Abelardo mwenyewe, waliobaki ni wasokotaji watatu, na anasema wanaonja vizuri ila wanaandika vibaya. Fomu zao zina maneno mawili: "nzuri" na "si mbaya". Anataka mtu aliyezoea kuandika alichokikuta, si alichotamani kukikuta. Nilimkumbusha kwamba kabla ya jukwaa hili niliandika gazetini Pinar miaka ishirini na mitatu, nikivuta sigara za karatasi muda wote huo, na ulimi wangu sasa ni soli ya kiatu. Akajibu, "Soli inafundishika. Mwandishi mwongo ndiye hafundishiki."

Walinijaribu mchana huohuo. Nilionja biri nne, na kwenye fomu zote nne niliandika neno moja: kali. Abelardo aliziangalia, akanirudishia. "Hata pilipili ni kali, Ndugu Nereida. Sikukuita upime pilipili."

Wewe umeishi ndani ya tumbaku tangu uweze kusimama. Mimi niliondoka nyumbani na miaka kumi na saba, kabla sijajifunza lolote. Nifundishe kwa barua.

Mdogo wako,
Nereida


San Juan y Martínez, Jumapili, 13 Machi 1988

Mdogo wangu Nereida,

Barua yako nimeisoma kwa sauti hapa mezani. Wifi yako Zoraida kacheka mpaka kamwaga kahawa, na anasema umwombe radhi kwa barua ya peke yake.

Sikiliza. Ukali ni nguvu, na nguvu inakaa kooni na tumboni. Ladha inakaa kwingine. Fahali ana nguvu, lakini hakuna aliyewahi kumwita mtamu kabla hajafika sufuriani.

Mche mmoja wa tumbaku una majani ya namna tatu. Ya chini yanaleta moto: bila hayo biri inazimika mkononi. Ya katikati yanaleta harufu. Ya juu kabisa, yaliyopigwa na jua lote, yanaleta nguvu. Msokotaji anawakalisha hao watatu kitako pamoja na kuwafunika kwa jani laini la nje. Ukiandika "kali" maana yake umemsikia yule mwenye sauti kubwa tu, na wenzake wawili umewapita mlangoni bila salamu.

Fanya hivi. Usiumeze moshi. Uzungushe mdomoni kama supu ya moto, uuachie polepole, na robo yake uitoe puani. Utalia machozi mara ya kwanza. Vumilia. Mlango wa ladha uko puani. Ulimi ni bawabu tu. Baba alikuwa akisema mtu aliyebanwa na mafua asiruhusiwe kusifu chakula.

Jambo jingine. Mwaka huu wanapitia upya daraja la shamba. Shamba la babu limekuwa la daraja la kwanza tangu hujazaliwa, na jani lake linakwenda kwenye biri. Likishushwa, jani letu litakatwakatwa kwa ajili ya sigara za karatasi, zile zilizokutengenezea soli. Marobota ya mavuno ya mwaka 1986 yametimiza miaka miwili ghalani na yako huko Havana tayari. Nasikia kamati yenu ni moja kati ya zitakazoyaonja. Jani la mwaka huu linamalizia kukauka kwenye bani, banda letu la kukaushia. Aprili linaingia kwenye rundo.

Kaka yako,
Evelio


Havana, Jumamosi, 2 Aprili 1988

Kaka Evelio,

Usiniambie tena neno juu ya marobota yako. Usinitajie idadi, alama, wala rangi ya kamba. Sampuli zinatufikia zikiwa na pete nyeupe yenye namba peke yake. Nikijua ipi ni yako nitapendelea, na nikijitahidi nisipendelee nitaonea.

Kazi inakwenda hivi. Tunakaa saa mbili unusu asubuhi, kila mtu na meza yake, na kati ya meza kuna ubao ili tusisomane usoni. Haturuhusiwi kahawa kabla ya kuonja, wala sabuni ya kunukia, wala vitunguu jana yake. Kati ya biri na biri tunasukutua kwa chai isiyo na sukari. Basilio, anayekaa kulia kwangu, anainywa kama mtu anayetumikia kifungo. Biri haivutwi yote, ni urefu wa kidole gumba tu. Tunaandika inavyovutika, inavyowaka, harufu, nguvu na ladha, kila moja kwenye kisanduku chake. Nilichukua siku kumi na moja kutenganisha visanduku viwili vya mwisho. Ulichoniandikia kuhusu fahali nimekibandika ndani ya mlango wa kabati.

Sasa nieleze lililotokea Jumanne tarehe 29. Sampuli ilikuwa namba tisa. Kwa nje haikuwa na lolote: rangi ya kahawia, mshipa mmoja umejitokeza. Niliiwasha saa tatu na dakika tano. Dakika mbili za kwanza nilipata ukavu wa mbao, kama kufungua kabati la bibi, na niliandika hivyo. Kisha nikatoa robo ya moshi puani kama ulivyonielekeza.

Kaka, kulikuwa na udongo. Sisemi kitu kinachofanana na udongo. Ulikuwa udongo mwekundu wa kwetu, dakika ile mvua ya kwanza inapoupiga na wenyewe bado haujaamua kuwa tope. Nyuma yake kahawa inayokaangwa kwa jirani, si kwetu. Nyuma ya kahawa kitu kitamu nilichokikosea mara mbili, nikaandika asali, nikafuta, nikaandika molasi, nikafuta. Ilikuwa kokwa ya kakao kabla haijatiwa sukari. Vilikuja kimoja baada ya kingine, kwa zamu, bila kusukumana, na kila kimoja kilimngoja mwenzake aondoke.

Nimekuwa kwenye mafuriko, kwenye mazishi ya watu wakubwa, na mara moja nilisimama hatua ishirini kutoka kwenye bohari lililokuwa linalipuka. Kote huko kalamu yangu ilikuwa inatembea. Jumanne nilikaa dakika sita na kalamu mkononi bila kuandika. Kilichonizuia ni hesabu ndogo: jani ni jani tu, hakuna aliyetia kahawa humo, hakuna aliyetia kakao. Vyote vilitoka ardhini vikapita kwenye shina lenye unene wa kidole changu. Na watu wanavipuliza dirishani wakiongea habari za mpira.

Abelardo alinichungulia juu ya ubao. "Umefika," alisema. Basilio akasema, "Mwacheni, analia moshi wa puani." Wote wawili walikuwa sahihi.

Ombi moja. Rundo lako la mwaka huu likipangwa, niandikie linavyonuka. Nataka harufu ya asubuhi hiyo, siku hiyo. Nakusanya maneno.

Nereida


San Juan y Martínez, Alhamisi, 14 Aprili 1988

Mdogo wangu,

Rundo limepangwa Jumatatu. Limefika kifuani kwangu, jani juu ya jani, na limefunikwa. Jana lilikuwa limeanza kupata joto.

Umesahau, kwa hiyo nakukumbusha. Jani likivundikwa hivyo linajipasha lenyewe, bila moto, na joto hilo linaufukuza ubichi. Halafu rundo linalala. Baba alikuwa anatia mkono mpaka kiwiko, anahesabu arobaini, anautoa, ananusa kiganja. Dalili za kulala ni mbili: joto limeondoka, na harufu ya zizi imeondoka. Hapo ndipo jani linatolewa.

Unataka harufu. Rundo la baba la mwaka 1952 lilinuka mapera yaliyochemshwa, na chini yake ngozi ya tandiko jipya. La mwaka 1961 lilinuka mkate. Lile la mwaka wa kimbunga lilikuwa na kitu cha chumvi ambacho hakuna aliyekielewa, na biri zake zilisifiwa mpaka ng'ambo.

La mwaka huu linanuka kama rundo.

Mgongo unauma, ng'ombe mmoja ana kwato mbovu. Zoraida anakusalimu.

Evelio


Havana, Jumamosi, 30 Aprili 1988

Kaka Evelio,

Wiki hii kamati ilitofautiana kwa mara ya kwanza tangu nijiunge, na chanzo ni mimi. Nakupa habari kamili kwa sababu ni somo, na wewe ndiye mwalimu.

Ilikuwa sampuli namba kumi na nne. Biri nzuri kwa macho: jani la nje limelainika kama kitambaa kilichofuliwa mara nyingi, majivu meupe, inavutika bila kuombwa. Wenzangu wanne waliipa alama za juu. Mimi nilifika nusu ya kidole gumba na kwenye fomu yangu nilikuwa tayari nimeandika karanga, mbao na ule udongo niliokueleza. Kisha nikatoa moshi puani na nikasimama. Nyuma kabisa kulikuwa na zizi. Halikuwa kubwa. Ni kama mtu amefungua mlango wa banda la farasi nyumba ya tatu kutoka hapa, akaufunga.

Nikasema. Basilio akasema, "Hapa hakuna zizi, Nereida. Wewe umepanda basi karibu na mchunga farasi." Nikamwambia atoe puani, nusu badala ya robo. Akatoa. Akaiweka biri kwenye kibakuli, akasukutua chai yake yote bila kulalamika. Abelardo na wengine wawili wakarudia pia. Kwa kauli moja tuliandika neno nililopendekeza: ghafi. Jani lilitolewa kwenye rundo kabla halijalala.

Kilichoniudhi ni kwamba jani lenyewe ni la ukoo bora. Ardhi yake ni ya ajabu, unaisikia humo ndani ikijaribu kusema. Kuna mtu alipewa ardhi hiyo na akashindwa kungoja wiki chache. Ni mkulima wa namna gani huyo? Mvivu au mlevi? Basilio anasema mlevi. Mimi nasema mvivu, kwa sababu mlevi angesahau rundo na kuliacha lizidi.

Bahasha ya majina inafunguliwa tarehe 10 Mei.

Hukunijibu swali langu la rundo. "Kama rundo" si jibu. Ungekuwa mwandishi wangu gazetini ningekurudisha shambani.

Nereida


Havana, Jumatano, 18 Mei 1988

Kaka Evelio,

Namba kumi na nne ni yako. Abelardo alifungua bahasha Jumanne ya wiki iliyopita saa tano, akasoma: shamba la Evelio Cordero, San Juan y Martínez, mavuno ya 1986. Nilimwambia palepale kwamba wewe ni kaka yangu. Aliandika hilo kwenye kumbukumbu, akaniuliza kama nataka kubadili alama. Nilikataa. Alama imebaki.

Uamuzi ni huu, na nadhani mkaguzi wenu ameshakuletea. Daraja la shamba halijashushwa. Limesimamishwa mpaka jani la mwaka huu litoke kwenye rundo na kukaguliwa. Likitoka ghafi tena, shamba linashuka, na likishuka halirudi.

Hujaniandikia kwa wiki tano, na naelewa kwa nini. Lakini kuna jambo sikulielewa, na nimelifanyia kazi.

Wewe si mvivu wala mlevi. Basi nilizitoa barua zako mbili nikazipanga mezani. Umenitajia mapera, ngozi, mkate na chumvi ya kimbunga. Miaka ni 1952, 1961 na ule wa kimbunga. Hakuna harufu hata moja ya baada ya mwaka 1986. Nilikuuliza rundo la mwaka huu linanukaje, mara mbili, na mtu anayekumbuka harufu ya miaka thelathini na sita iliyopita alinijibu "kama rundo".

Halafu nikashuka ghala la magazeti chini ya ukumbi. Mwaka 1986, kuanzia tarehe 24 hadi 27 Aprili, huko kwenu ilinyesha siku nne na upepo ukageuka wa kaskazini. Rundo lako lilikuwa na wiki mbili tu. Lilipozwa na mvua. Mkono hauwezi kujua tofauti ya rundo lililopoa na rundo lililolala. Pua inajua.

Swali langu ni moja, na jibu lake ni ndiyo au hapana. Unasikia harufu?

Nereida


San Juan y Martínez, Jumanne, 24 Mei 1988

Wifi yangu Nereida,

Jibu ni hapana. Kalisema mwenyewe juzi, Jumapili saa nane mchana, baada ya mimi kumfungia njia zote.

Barua yako ilifika Jumamosi. Akaisoma, akaikunja, akaenda kumtazama ng'ombe wa kwato. Niliisoma akiwa huko. Nakwambia ukweli, nilidhani umechanganyikiwa na moshi. Nimelala na mtu huyu kitanda kimoja miaka thelathini na moja. Kila Jumapili anauliza, "Leo umetia bizari nyingi, Zora?" Kila Jumapili. Nikakaa nikafikiri: kila Jumapili mimi natia bizari. Siku za kazi sitii, na siku za kazi haulizi.

Basi Jumapili sikutia. Nikapika maharage na wali makavu kabisa, nikatia chumvi tu. Akakaa, akapuliza kijiko, akasema, "Leo umetia bizari nyingi, Zora."

Nikaenda chumbani nikachukua shati lake safi, nikalimwagia mafuta ya taa, nikamletea. Nikamwambia avae, mgeni anakuja. Akavaa, akafunga vifungo vyote mpaka shingoni, akakaa kibarazani kama bwana harusi. Paka aliondoka. Nikamuuliza, "Evelio, unanuka nini?" Akasema, "Sabuni." Nikamwambia asiwashe biri, maana atawaka yeye.

Hapo ndipo akasema. Ni ile homa ya Februari 1986, wiki mbili kitandani. Ilipoondoka iliondoka na pua. Akangoja irudi. Mwezi, miwili. Rundo likawa tayari na bado inangojewa. Akatumia mkono peke yake, na mwaka jana vilevile, na mwaka jana Mungu alimwonea huruma, hapakunyesha.

Wifi, yale maneno mawili yamemkaa. Wiki ile barua yako ya mwisho wa Aprili ilipofika nilimsikia akinyoa huku anasema kwa kioo, "Mvivu au mlevi." Sikujua anamsema nani. Nikadhani jirani.

Tatizo ni hili. Anasema mkono wake unamwambia rundo linaelekea kulala, na Jumatano tarehe 1 Juni analifungua na kulitoa lote. Nimemwambia amwambie mkaguzi. Anasema akimwambia, kijiji kizima kitajua kwamba Cordero ana pua ya mbao, na nani ataamini jani lake tena. Nikamwambia ninuse mimi. Akasema mwanamke hatii mkono kwenye rundo, ni sheria ya baba yenu. Hanisikilizi mimi. Wewe alikusikiliza ulipokuwa hujui unamsema nani.

Zoraida


Havana, Ijumaa, 27 Mei 1988

Kaka Evelio,

Barua hii nampa dereva wa lori la marobota, ili ikufikie kesho.

Masahihisho. Katika barua yangu ya tarehe 30 Aprili niliandika kwamba mkulima wa namba kumi na nne ni mvivu au mlevi. Si kweli. Mkulima huyo alifanya kazi yote ya rundo akiwa na dalili moja badala ya mbili, na alikosea kwa sababu ya mvua ya siku nne. Mwandishi hakuwa na ushahidi wa alichoandika. Anaomba radhi.

Alama ya ghafi haisahihishwi, kwa sababu ni kweli.

Sasa hili nakuambia si kama habari. Kwa miaka miwili ulimficha mtu anayelala ubavuni mwako. Ulinificha mimi, na kazi yangu ilikuwa kufichua. Ulimficha kila mtu isipokuwa jani. Ulilipanga, likafungwa kwenye magamba ya mtende, likakaa gizani miaka miwili, likapanda lori, likasokotwa na mtu asiyekujua, likavishwa namba. Na asubuhi moja likaniambia mimi, kwa moshi usiozidi kijiko, kwamba mwezi wa Aprili 1986 kaka yangu alinusa kiganja chake na hakusikia kitu. Nimejaribu kulizoea jambo hili kwa siku kumi na saba. Sijaweza. Nikipita mbele ya rafu za sampuli sasa nateremsha sauti.

Kuhusu sheria ya baba. Nilimuuliza sababu nikiwa na miaka kumi na mbili. Alisema mikono ya wanawake inanuka vitunguu. Hiyo ni sheria ya vitunguu, na vitunguu vinanawika.

Kuhusu pua ya mbao. Kwenye kamati tuko watano. Hakuna hata mmoja, pamoja na Abelardo mwenye miaka arobaini ya kazi hii, anayeruhusiwa kutoa alama peke yake. Tarehe 26 Aprili wanne wenye pua nzima walikosea na kiwanda hakikuwafukuza. Waliambiwa warudie. Wewe ulifanya peke yako kazi ya watu wawili na mtu wa pili hakuwepo. Mweke.

Usilifungue rundo Jumatano kwa mkono wako tu.

Nereida


San Juan y Martínez, Alhamisi, 2 Juni 1988

Mdogo wangu Nereida,

Rundo halijalala. Kalisema Zoraida, jana, saa kumi na mbili na robo asubuhi.

Jumatatu nilikwenda kwa mkaguzi, Ndugu Tirso. Nilimkuta anaziba pancha ya baiskeli. Nilimwambia nikiwa nimesimama, ili nisipate nafasi ya kuzunguka: sisikii harufu tangu mwaka 1986, na jani la namba kumi na nne nililitoa kwa mkono. Akaendelea kuziba. Mwisho akasema, "Nilijua kuna kitu. Mwaka jana nilikuletea samaki ameoza kwa makusudi, ukanishukuru." Kumbe kila mtu ana shati lake la mafuta ya taa.

Jana alikuja. Nilifunua rundo, nikatia mkono mpaka kiwiko, nikahesabu arobaini. Lilikuwa limepoa sawasawa, juu na katikati. Mkono ulisema limelala. Nereida, ningeapa. Kama si barua yako, saa hiyo ningekuwa nateremsha majani.

Zoraida alinawa kwa majivu na ndimu. Akaniangalia. Nikamwambia, "Tia." Akatia, akahesabu polepole kuliko mimi, akatoa, akanusa. Akasema, "Zizi." Tirso akanusa kiganja chake mwenyewe, akasema, "Zizi la farasi wawili." Tulikwenda nyuma ya rundo tukakuta ubao wa ukuta umeachana na mwenzake, upepo wa asubuhi unaingia moja kwa moja. Mwaka 1986 ilikuwa mvua, mwaka huu ni ubao. Nimeuziba. Rundo tumelipindua, la ndani nje, la nje ndani, na limeanza kupata joto tena.

Nilisimama pale nikiwaangalia wale wawili wamefumba macho, viganja puani. Miaka yote nilikuwa ndani ya jambo hilo na sikuwahi kuliona kwa nje. Wanasikia kitu ambacho hakipo kwa macho wala kwa mkono, na wanakubaliana.

Mchana niliwasha biri moja ya jani la mwaka 1985, la mwisho nililolinusa. Nikaiweka mbele yangu barua yako ya tarehe 2 Aprili, ile ya namba tisa. Nilivuta na kusoma, mstari mmoja kwa kila moshi. Sikusikia kitu, usidhani. Ni joto tu na ukavu. Lakini ulipoandika udongo, nilijua udongo ungekuwa wapi mdomoni. Ulipoandika kahawa ya jirani nilisimama kidogo, maana ndipo ilipokuwa. Niliivuta mpaka ikanichoma vidole. Zoraida aliuliza kama nalia. Nilimwambia ni moshi wa puani.

Masahihisho yako nimeyapokea. Nimeyabandika banini, ndani ya mlango.

Daraja bado limesimamishwa. Tirso anasema hatatia saini kwa pua mbili, hasa moja ikiwa ya mke wangu. Anataka ya tatu, na ameitaja kwa jina: ya yule aliyekataa kubadili alama ya kaka yake. Rundo litafunuliwa na kunuswa kila siku ya tatu, na kwa hesabu yake likizidi kwenda vizuri litakuwa karibu kulala katikati ya mwezi. Ameandika kwenye daftari lake: ukaguzi wa mwisho, Jumapili tarehe 12 Juni, saa kumi na mbili asubuhi. Treni ya Jumamosi inafika saa tisa alasiri. Nitakuwa stesheni na mkokoteni.

Kaka yako,
Evelio